Bado Nyeupe

Mimi shule niliacha darasa la nne, na leo nina karakana yangu Zone Industrielle, eneo la viwanda hapa Bujumbura, watu kumi na mmoja wanakula kwa mkono wangu, na mashine ya kuchomelea ambayo hata mafundi wenye vyeti wanakuja kuiazima. Nasema hivi mwanzoni ili ijulikane kwamba mimi si mtu wa kubabaishwa. Nimebishana na maofisa wa forodha nikawashinda. Nimebishana na wakubwa wa Kigobe waliozoea kuamuru, wakaishia kuniita bwana. Lakini yuko mtu mmoja ambaye kila nikimkumbuka, hata sasa na mvi zangu, napandwa na hasira kama mtu aliyekanyagwa kidole. Alikuwa fundi wa mtaa wa Buyenzi, mzee, na nilikaa naye meza moja miaka saba ya vita.

Mtaani walimwita Fundi Bati. Jina hilo hakulipenda. "Bati ni nusu," alikuwa anasema. "Nusu ingine iko wapi? Mumekula?" Nusu nyingine ilikuwa shaba. Na kwa sababu ya nusu hizo mbili, bati na shaba, mzee huyu amenipotezea wateja wengi kuliko vita vyenyewe.

Mteja anataka nini? Anataka kuacha kitu chake na kukichukua jioni. Kwa mzee haikuwa hivyo. Ukimletea kitu kilichovunjika, alikigeuza mara mbili mbele ya miwani yake iliyofungwa kwa uzi, halafu akauliza maswali yake mawili, yaleyale kila siku:

"Itakaa ku moto? Itatikisika?"

"Muzee, ni kopo tu ya kumwangilia maua. Tengeneza."

"Mi sikuuliza ni nini. Itakaa ku moto? Itatikisika?"

Jibu likiwa hapana mara mbili, alipiga bati. Likiwa ndiyo hata mara moja, alitaka shaba, na shaba ilihitaji chupa za gesi, na gesi wakati ule wa vikwazo, majirani walipotufungia mipaka, ilikuwa inatafutwa kama dawa. Siku moja mama mmoja alileta taa, akasema hajui kama inatikisika. Basi si tungeitengeneza tu? Mzee akamrudishia mkononi. "Mama, rudi nyumbani. Angalia unaitundika wapi. Kama ni pembeni ya mlango, mlango unapiga, taa inatikisika. Uende uangalie, halafu uje." Yule mama alikwenda kweli, na hakurudi, na mimi nilibaki nimeshika kichwa.

Nieleze tofauti yenyewe, maana watu wengi, hata wenye karakana, wanachanganya. Vitu viwili vya chuma unataka vishikane bila kuviyeyusha vyenyewe. Unaleta madini ya tatu katikati, hayo ndiyo yanayoyeyuka. Mpaka hapo bati na shaba ni ndugu. Ila bati inayeyuka mapema, kwa chuma cha kulehemu ulichokiweka kwenye mkaa. Kazi unayoiunganisha haijabadilika hata rangi. Shaba haikubali mpaka kazi yenyewe iwe nyekundu. Unapaka unga mweupe, boraksi, unapuliza moto wa gesi, chuma kinaiva kama kaa, ndipo unagusisha kijiti cha shaba na inakimbia yenyewe ndani ya ufa. Mzee alitaka ufa uwe mwembamba kama unywele. "Usimwange," alikuwa ananikemea. "Iache inywe." Nikimwaga nyingi juu ili ionekane nene na mteja afurahi, aliniita shefu, kama mpishi wa hoteli. "Shefu ametia siagi ku mukate."

Bati inatosha kwa kitu kinachotulia: kopo, mfereji wa mvua, waya za redio. Kitu cha moto au cha kutetemeka kinataka shaba. Ni hayo tu. Nimeyaandika kwa mistari michache. Yeye aliyasema kwa miaka saba.

Mwalimu mmoja wa chuo kikuu, mtu wa Mutanga Sud, alileta friji yake ambayo bomba lake la nyuma lilitoboka. Akasimama akimtazama mzee anavyofanya kazi, akapendezwa, akaanza kutusomesha. Akasema wataalamu wamechora mpaka: kuyeyusha chini ya digiri mia nne na hamsini ni kazi ya namna moja, juu ya hapo ni ya namna nyingine.

"Mia ine na hamsini," mzee akasema.

"Eeh, Muzee. Ndiyo mupaka."

"Na hiyo digiri inapitaka wapi? Mi niko hapa kila siku, sijaiona kupita."

Mwalimu alicheka mpaka akakaa. Mzee hakucheka. Alimwonyesha bomba lilivyoiva, rangi ya nyama mbichi, akasema mpaka ni huo, na haujali kama umesoma. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mtu wa chuo anakuletea elimu ya bure, unamjibu hivyo! Ila yule mwalimu aliendelea kuja, akawa analeta na friji za wenzake, kwa hiyo sijui nani alikuwa mjinga pale.

Mfukoni mwa kanzu mzee alikuwa na tupa ndogo, ndefu kama kidole cha kati, mpini wake wa mti wa mpera. Alikwaruza nayo kila kiungo alichopewa. Mkwaruzo ukitoka mweupe na laini, ni bati. Ukitoka manjano na mgumu, ni shaba. Alikwaruza vitasa vya watu, baiskeli za wageni waliokuja kusalimia, hata miguu ya kitanda siku alipolazwa. Mke wake aliniambia kwamba siku ya kuletwa nyumbani kama bi harusi, kitu cha kwanza alichoona ni mumewe anakwaruza bangili za mama mkwe.

Na nyumbani kwa mtu huyo, birika la kutawadhia, la shaba nyekundu, zuri, la tangu zamani, lilikuwa linavuja pale mdomo unapoungana na tumbo. Alikuwa ameziba kwa sabuni. Sabuni! Kila Jumapili aliifinyanga sabuni ya kufulia kwa kidole akaikandika. Nikamwambia, "Muzee, we fundi wa Buyenzi muzima, birika yako inashikwa na sabuni?" Akanijibu kwamba ya wateja iko mbele. Mimi nasema ni uvivu. Mke wake pia alisema ni uvivu, na yeye alimjua zaidi.

Alikuwa mwingi wa mambo ya namna hiyo yasiyopatana. Alinihubiria subira kisha akatupa nyundo kwa sababu chai imechelewa. Alisali sala tano na alikuwa na matusi ya Kirundi ambayo sijayasikia kwa mtu mwingine, hata kwa askari. Alilaani vita kila siku, ila habari zilipoanza redioni alizima, akisema betri ni ya kusikilizia mpira.

Kuhusu askari, kuna siku mtu mmoja mwenye bunduki aliingia. Sisemi alikuwa wa upande gani, siku zile hukuuliza. Aliweka mezani kipande cha bunduki kilichovunjika. Mzee akavaa miwani, akakigeuza mara mbili, nikajua anakwenda kusema nini, nikamkanyaga mguu chini ya meza. Hakujali.

"Itakaa ku moto?"

Yule mtu akamtazama. "Muzee. Ni bunduki."

"Itatikisika?"

"Muzee, mi nakwambia ni bunduki!"

"Basi mi sina dawa yake," mzee akasema, akamrudishia kwa mikono miwili, kwa adabu, kama unavyompa mtu sahani. Yule mtu akakipokea, akaenda zake. Nilipomwambia mzee kwamba angetuua sote, alinijibu kuwa amesema kweli, bati ingeachia na shaba ingelainisha chuma. Sikujua, na sijui mpaka leo, kama alikuwa shujaa au alikuwa anafikiria chuma tu.

Sasa nifike kwenye Ijumaa ile, maana nimeizunguka vya kutosha.

Nilikuwa karibu miaka thelathini, nina mke na watoto wawili, na mkono wangu ulikuwa umeshakomaa. Nasema bila haya: kwa bati nilikuwa mwepesi kuliko yeye. Ila ufunguo wa kufungulia chupa ya gesi alikuwa anaufunga kwenye kamba ya suruali yake ndani ya kanzu, na mimi nilipiga shaba pale tu alipokuwa amesimama nyuma yangu. Mtu mzima, baba wa watoto, naombaomba ufunguo! Nilichotaka siku zile ni kimoja tu, aniachie moto na aache kusimama nyuma yangu.

Ijumaa hiyo amekwenda msikitini, anakuja dereva wa lori, jirani yetu, tunamfahamu. Bomba la mazutu, yaani dizeli, la lori lake, la kwenye injini, lilikuwa limepata ufa. Alikuwa amepakia chumvi na sabuni za kupeleka mji wa Ngozi, na magari wakati ule hayakupanda milimani yenyewe yenyewe. Yalikusanyika upande wa kaskazini mwa mji, yakaondoka kwa msafara, askari mbele na nyuma. Ukiharibikiwa njiani msafara hauwezi kukungoja. Unabaki wewe, lori lako, na vichaka. Kila mtu Bujumbura alimjua mtu aliyebaki hivyo.

"Wanaondoka saa nane," dereva akasema. "Fanya mbio, ndugu yangu."

Ufunguo uko msikitini. Chuma changu cha kulehemu kiko kwenye mkaa, kimeshapata moto. Nikafanyaje? Nikasafisha ule ufa, nikapaka asidi, nikaupiga bati. Niliijaza bati ikawa nene kama pete. Halafu nikaipaka rangi nyeusi juu. Hiyo rangi nyeusi ndiyo jambo lenyewe. Mtu asiyejua kosa lake hapaki rangi. Dereva akalifunga bomba, injini ikawaka, hakuna hata tone. Akanipiga begani, "We ndiye fundi!" Neno hilo nilikuwa nalisubiri miaka, na nilifurahi kulisikia hata kutoka kwake.

Mzee alirudi amevaa kanzu yake nyeupe ya Ijumaa. Akaona chuma cha kulehemu bado kina joto, akaona kopo la rangi limefunuliwa.

"Umetengeneza nini?"

"Tiyo ya mazutu. Ya kamyo ya jirani."

Hakuuliza maswali yake. Ningependa angeuliza, ningejibu vyovyote. Alinitazama tu, akatoka nje, akasimamisha baiskeli ya abiria, akakaa nyuma na kanzu yake, miguu inaning'inia, mzee wa zaidi ya miaka sitini. Nikakimbia nyuma ya baiskeli hiyo kutoka Buyenzi mpaka kule misafara inakojipanga. Nilikuwa namwita, "Muzee, itafika! Muzee, nimeweka nene!" Watu walikuwa wanatucheka.

Malori yalikuwa yamepangana, injini zinanguruma, askari wameshapanda. Mzee akafunua boneti la lori la jirani, akainama, akafungua nati mbili kwa koleo, akachomoa bomba. Mazutu yakamwagika kifuani mwake. Akaliingiza mfukoni, injini ikakohoa ikazima.

Dereva akaruka chini. "Muzee, unafanya nini? Unaniua!"

"Apana," mzee akasema. "Leo apana."

Sitaandika yote ambayo dereva alisema. Alimshika mzee kwenye kola. Wenzake walikuwa wanapiga honi. Askari mmoja akapiga kelele kwamba mwenye kubaki abaki, na msafara ukaondoka, gari moja baada ya jingine, mpaka tukabaki watatu na lori la chumvi na vumbi. Dereva akakaa kwenye ngazi ya lori lake akajifunika uso. Mimi nilikuwa natazama kanzu ya mzee. Doa la mazutu lilikuwa limefika mpaka tumboni. Halikutoka tena, na aliendelea kuivaa kila Ijumaa, nadhani ili mimi nilione.

Karakanani alilibana bomba kwenye jiliwa, akachukua mpini wa nyundo, akaanza kuligonga. Si kwa nguvu. Tak, tak, tak, kama injini inavyotetemeka ikiwa imetulia. Nilisimama hapo nikiwa nahesabu bila kutaka. Sikufika mia. Pete yangu nene ikafunguka upande mmoja kama mdomo.

"Sawa," nikasema. "Nimeona. Lete ufunguo, niweke shaba juu yake, tumalize."

Hapo ndipo aliponiangalia kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kama angenitukana. Maana hilo ni kosa la pili, na ni kubwa kuliko la kwanza. Bati ikishaingia mahali, shaba haikubali tena kukaa hapo. Ukitia moto, bati inachemka, inachafua, shaba inajikunja matone matone, na hata ikishika inakuwa dhaifu kama biskuti. Lazima uitoe bati yote kwanza. Yote. Akanipa tupa, ile ndogo yake, akakaa.

Nilisugua. Nikamwonyesha. Akaliinua kwenye mwanga. "Bado nyeupe."

Nikasugua tena. "Bado nyeupe."

"Muzee, iko safi!"

"Kuko nyeupe mu kona. Bado."

Alasiri yote. Vidole vilitoa malengelenge, dereva amekaa mlangoni, na kila nikifikiri nimemaliza, bado nyeupe. Mwisho kabisa alipoona chuma kitupu, alifungua kamba yake akatoa ufunguo, nikanyoosha mkono, na akapiga shaba mwenyewe. Kwa dakika nne. Hakuniachia hata kushika kijiti.

Na hapa ndipo penye kuudhi zaidi. Msafara ule ulifika Ngozi salama. Hakuna gari lililoharibika, hakuna risasi iliyolia. Jumatatu habari zikaja, nikamwendea mzee, nikamwambia, "Unaona? Wote wamefika. Hata yeye angefika."

"Angeweza kufika," mzee akasema.

"Sasa?"

"Sasa nini? Amefika wapi mutu ambaye hakuondoka? Nipe koleo."

Basi kuna jambo la kumshika mtu wa namna hiyo? Akikosea hajui kukosea, akipata hadai kwamba amepata. Dereva aliondoka na msafara wa baadaye na shaba kwenye injini yake, akafika, akarudi, akaendelea kuishi, na bado anaishi, anakuja kwangu kubadilisha mafuta. Sitajua kamwe kama Ijumaa ile nilikaribia kumwua. Ningeona afadhali nijue, hata kama ni vibaya, lakini mzee huyo ameninyima na hilo pia.

Tangu siku hiyo tupa ndogo ikahamia kwenye kazi zangu. Kila kiungo nilichopiga, hata mpini wa kikombe, alikikwaruza mbele ya mteja. Mbele ya mteja! Krr, krr. Anatazama, anarudisha. Nilivumilia mwaka na miezi, kisha nikakusanya vyombo vyangu nikaondoka. Hakuniuliza naenda wapi. Alisema tu, "Kwa shaba, usimwange." Nikaapa nitakuwa mkubwa mpaka aje kwangu yeye.

Nikawa mkubwa. Hilo halina ubishi.

Alikuja vita vilipokuwa vinaishaisha, watu wameanza kusafiri mchana bila msafara. Nilikuwa nimeshapata sehemu yangu Zone Industrielle, jina langu limeandikwa juu ya geti kwa herufi nyekundu. Aliingia anapapasa ukuta. Macho yalikuwa yameingia ukungu. Wafanyakazi wangu wakamwuliza anamtafuta nani, akasema, "Shefu." Nikatoka.

Amebeba birika. Lile la sabuni. Mdomo wake ulikuwa mkononi mwake mwingine, umeanguka kabisa. Alipokuwa mgonjwa, akanieleza, mke wake alichoka na sabuni, akalipeleka kwa mtu wa njiani, naye akalipiga bati. Siku ya tatu maji yakakauka jikoni, bati ikayeyuka, mdomo ukaangukia mkaa.

"Mwanamuke hakuulizwa kama itakaa ku moto," akasema.

Nikachukua lile birika. Ningeweza kumpa kijana yeyote pale, bosi hashiki tupa. Nikalichukua mwenyewe. Nikaanza kutoa ile bati ya mtu wa njiani, nikasugua, nikainua kwenye mwanga, nikasugua. Wafanyakazi walisimama wananitazama. Mmoja akasema, "Patron, iko safi hiyo, weka moto." Nikamjibu kabla sijafikiri:

"Bado nyeupe."

Mzee alikuwa amekaa kwenye pipa la mafuta, kichwa chini. Sikuona uso wake na sitadai kwamba niliuona.

Shaba nyekundu ni ngumu kuipiga shaba ya manjano, joto la kuyeyusha moja liko jirani sana na joto la kuyeyusha nyingine. Ukizembea kidogo birika lote linakuwa uji. Mafundi wengi mjini wangelikataa. Mimi niliufanya ufa ukawa unywele, nikapaka boraksi, nikaleta rangi polepole, nikagusisha kijiti, na shaba ikanywa ikazunguka yote, mstari mmoja wa manjano mwembamba kama uzi. Sijawahi kupiga kiungo kizuri kama hicho, wala kabla wala baadaye, na nimepiga maelfu.

Kikapoa. Nikamwekea mikononi. Akapitisha kidole gumba, mara moja. Akatia mkono mfukoni, na mimi nikajisogeza, nikawaita wale kumi na mmoja wasogee, waone. Macho hayakuwa kizuizi. Tupa haihitaji macho, bati ni laini na shaba ni ngumu, mkono wake ungejua mara moja.

Akatoa leso akafuta jasho.

"Muzee," nikasema. "Kwaruza."

"Ya nini?"

"Kwaruza basi, Muzee! Tupa iko mu mufuko, naiona!"

"Iko," akasema. "Kuko maji hapa? Alasiri imefika."

Akajaza lile birika kwenye bomba la uani, akatawadha, akasali pale pembeni ya mashine, akaaga akaenda zake anapapasa ukuta. Kiungo kizuri kuliko vyote maishani mwangu, na hakukikwaruza hata kidogo.